Zege Halilali, Ujira Nao Usilale

Simama mbele ya saiti yoyote ya serikali hapa Arusha, utaliona bango. Jina la mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukabidhi. Kuna mstari mmoja ambao umenikwaza kwa miaka mingi, ule wa "Mwajiri". Mbele yake huandikwa jina la halmashauri, wakala au wizara, kwa sababu katika lugha ya mikataba ya ujenzi mwajiri ni yule anayempa mkandarasi kazi. Kibarua anayeingia getini saa moja asubuhi na chepe begani, akilisoma bango lile, ana haki ya kuamini kwamba ameajiriwa na halmashauri. Jumamosi jioni akiulizia hela yake ndipo anaambiwa aende kwa mkandarasi. Mkandarasi anamwambia nenda kwa fundi aliyekuleta. Na fundi amezima simu.

Nilikuwa karani wa saiti kwa miaka minne, Arusha na upande wa Moshi, na kazi yangu ilikuwa kushika kaunta buku la mahudhurio. Kwa hiyo ninachokisema hapa nimekiona kikitokea. Sheria za kumlinda kibarua kwenye miradi ya umma tunazo, na nyingi ni nzuri. Kosa letu ni kwamba tumeziweka kwenye ofisi ambazo kibarua hafiki, badala ya kuzifunga kwenye mlango ambao kila mkandarasi lazima apite: hati ya malipo, ile karatasi ambayo isiposainiwa halipwi.

Tazama kilichopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Inataka ujira ulipwe siku iliyokubaliwa, pamoja na maandishi yanayomwonyesha mfanyakazi hesabu yake. Amri ya kima cha chini cha mshahara imeipa sekta ya ujenzi sehemu yake na kupanga viwango kwa kufuata daraja la mkandarasi, wa daraja la kwanza akilipa zaidi ya wa daraja la saba. Kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepandishwa kwa asilimia 33.4 kwa wastani. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hudai asilimia 20 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hudai asilimia 0.5, na yote ni ya mwajiri. Kibarua hakatwi hata shilingi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nao unataka saiti isajiliwe kama mahali pa kazi kabla watu hawajaanza kupanda mirunda, yale majukwaa ya miti ya kusimamia wakati wa kujenga.

Saiti kuna msemo ambao kila mtu anaujua: zege halilali. Likishachanganywa lazima liishe siku ileile, hata kama ni saa nne usiku kwa taa za jenereta. Hilo halina ubishi, zege lililoganda kwenye karai ni hasara. Lakini mtu aliyeanza saa moja asubuhi amemaliza saa zake tisa ifikapo saa kumi na moja jioni, akishapumzika saa moja ya chakula. Kila saa baada ya hapo ina bei yake kisheria. Katika miaka yangu minne sikuwahi kuagizwa hata mara moja niandike saa za ziada za vibarua. Nilikuwa naandika alama moja tu, mshazari mmoja kwa siku moja, iwe siku ya saa tisa au ya saa kumi na tano.

Kuna vifungu viwili ambavyo ningetamani kila deiwaka, kibarua wa kutwa, avijue kwa kichwa. Cha kwanza kinasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi wakati wa shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake, si wa mfanyakazi. Cha pili kimo katika Sheria ya Taasisi za Kazi: mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Kwamba anapangiwa namna ya kufanya kazi. Kwamba anapangiwa saa. Kwamba anapewa vifaa. Au kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano za saiti. Kwa hiyo yule meneja anayesema "hawa ni deiwaka, hawana mkataba, hawanihusu" anasema jambo ambalo sheria imeshalijibu tangu 2004.

Ila kujibiwa na sheria ni jambo moja, kuifikia ni jambo jingine. Dai la ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na la kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Huduma ni bure. Lakini mfikirie mtu anayekaa Kwa Mrombo anayedai 84,000. Kila akienda mjini anapoteza siku ya kazi, nauli ya kwenda na kurudi, na kwenye fomu anatakiwa aandike jina na anwani ya anayemlalamikia, wakati yeye anamjua fundi wake kwa jina moja na namba ya simu isiyopatikana. Wengi hufanya hesabu hiyo kichwani wakiwa wamekaa juu ya tofali, halafu wanasamehe. Wanachobaki nacho ni deni la mama ntilie.

Na mnyororo wenyewe ni mrefu kuliko bango linavyoonyesha. Mkandarasi mwenye daraja hushinda zabuni. Kusuka nondo anampa mtu, zege mtu mwingine, plasta mwingine, kupaua mwingine. Hao si makandarasi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Ni mafundi wenye gengi, kila mmoja na vijana wake wanane au kumi na watano, na makubaliano yake ni ya mdomo au karatasi moja yenye bei kwa mita ya mraba. Daraja la kwanza la mkandarasi linaishia hapo. Kibarua wa gengi analipwa kiasi ambacho fundi anaona kimebaki.

Mwaka 2018, saiti moja ya umma nje kidogo ya mji, kijana wa gengi la plasta alianguka kutoka kwenye mirunda, mrunda mmoja ulipoteleza kwenye kamba. Alivunjika mkono mahali pawili. Kwenye kaunta buku langu alikuwa namba 27, na alikuwa na mishazari 31. Mkandarasi alikuwa amesajili watu sita WCF: meneja, mhandisi wa saiti, foremani, dereva, mlinzi na mimi. Siku ile tulikuwa 43. Alipoulizwa alisema, "Huyo si mtu wangu, ni mtu wa fundi." Fundi naye akasema yeye mwenyewe ni kibarua tu kama wengine. Na kwa namna fulani wote wawili walikuwa wanasema kile ambacho mfumo uliwafundisha kusema.

Sasa nikuonyeshe kile ambacho saiti ileile ilikuwa inakipima. Zege lilipomwagwa, mtu wa maabara alichota sampuli na kujaza viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande. Kesho yake alivifungua, akavizamisha kwenye tangi la maji, akaviandika namba na tarehe kwa rangi. Vingine vilivunjwa siku ya 7, vingine siku ya 28, kuona kama zege limefikia nguvu iliyoandikwa kwenye mkataba. Nondo ilikatwa kipande ikapelekwa kupimwa mvutano. Kifusi kilishindiliwa kikapimwa. Mkadiriaji majenzi alikuja na futi yake, akapima mita za ujazo za zege na mita za mraba za plasta, akaandaa hati ya malipo na kuiambatanishia matokeo yote ya vipimo. Hati isiyo na cheti cha maabara ilirudishwa siku hiyohiyo. Mhandisi alikuwa mkali juu ya hilo na alikuwa sahihi, kwa sababu fedha ni za umma na shule au zahanati haitakiwi kuanguka.

Tunajua, basi, namna ya kumbana mkandarasi. Tunajua hata kuzuia sehemu ya malipo yake mpaka muda wa matazamio, ule wa kungojea kasoro zijitokeze baada ya kukabidhi, uishe, ili ufa ukitokea ukutani tuwe na hela ya kuuziba. Ufa wa ukuta umewekewa dhamana. Ujira wa aliyeupiga plasta ukuta huo haujawekewa.

Jambo moja zaidi kuhusu kupima. Kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi zote za mradi na bei zake, kurasa za mwanzo kabisa, kuna vipengele vya usalama: kofia ngumu, gambuti, reflekta, sanduku la huduma ya kwanza. Vimewekewa bei na serikali inavilipia. Pale saiti nilihesabu kofia 12, na tano kati yake zilikuwa zimetundikwa ukutani ofisini zikisubiri wageni wa ukaguzi. Kofia ya namba 27 ilikuwa imelipiwa na mlipa kodi wa Tanzania. Haikuwahi kufika kichwani mwake.

Pendekezo langu ni hili. Hati yoyote ya malipo kwenye kazi ya umma iambatanishwe orodha ya kila mtu aliyefanya kazi katika kipindi hicho, wakiwemo wa magengi ya mafundi, ikionyesha siku na saa alizofanya, kiasi alicholipwa na uthibitisho wa malipo, pamoja na risiti za NSSF na WCF zinazolingana na idadi hiyo. Mhandisi achague majina matano bila kutoa taarifa, awaite, awaulize. Hesabu ikipishana, kiasi kinachodaiwa kizuiwe kwenye hati na wadai walipwe moja kwa moja. Mkandarasi mkuu abebe deni la kila fundi aliyemwingiza getini. Na bango liongezewe mstari mmoja wenye kima cha ujira cha saiti hiyo na namba ya kupiga usipolipwa.

Sijabuni kitu kigeni. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 94 mwaka 1949, unaohusu vifungu vya kazi katika mikataba ya serikali, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga. Unasema anayefanya kazi inayolipiwa na serikali asipewe masharti duni kuliko yanayotolewa kwa kazi kama hiyo katika eneo hilo, na unawagusa pia wale walio chini ya mkandarasi mdogo. Unataka tangazo la masharti hayo libandikwe mahali pa kazi. Na unataka, kwa maneno yasiyo na utata, malipo ya mkandarasi yazuiliwe pale inapobidi ili wafanyakazi wapate ujira wao. Umewafikiria hata wanaotengeneza na kushughulikia vifaa. Machimbo ya moramu ya Moshono, hapa hapa Arusha, yalipoporomoka Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu kumi, ilionekana wazi jinsi mnyororo wa ujenzi unavyoanzia mbali na saiti, shimoni, mahali ambapo hakuna bango wala karani.

Mkandarasi mwaminifu ndiye wa kwanza anayepaswa kulitaka jambo hili. Chukua kampuni mbili zinazoshindania kazi moja, kila moja ikiwa na mzigo wa ujira wa shilingi milioni 10 kwa mwezi. Inayofuata sheria inaongeza milioni moja ya NSSF kwa upande wa mwajiri na 50,000 za WCF, kabla hata hatujagusa saa za ziada. Kwa mwaka ni milioni 12.6. Ile nyingine haiongezi kitu, na kwa hiyo inaweza kuandika bei ya chini. Serikali inapompa kazi wa bei ya chini bila kuuliza alipunguzia wapi, inawafundisha wote wawili somo moja.

Lakini haki itendeke pande zote, na hapa serikali yenyewe ina la kujibu. Malipo ya miradi ya umma huchelewa. Mkandarasi huwasilisha hati, ikazunguka mezani miezi, riba ya benki ikipanda kila siku. Mkubwa huvumilia kwa sababu ana mali ya kuweka dhamana. Mdogo wa daraja la sita au la saba hana. Anachofanya ni kuchelewesha fundi, fundi anachelewesha kibarua, na mwisho wa mnyororo anasimama mtu asiye na wa kumchelewesha isipokuwa mwenye nyumba na mama ntilie. Yeye ndiye anayeikopesha serikali, bila riba na bila kuulizwa. Kwa hiyo sharti la orodha liende pamoja na sharti jingine: sehemu ya hati iliyo ya ujira ilipwe kwanza, ndani ya muda mfupi uliotajwa, hata kama fedha ya mashine na faida itasubiri. Bila hilo tutakuwa tunamkaba mkandarasi ambaye sisi wenyewe hatujamlipa.

Wapo watakaosema haiwezekani, kwamba vibarua wetu wanahamahama na mafundi hawajui makaratasi. Ningewaomba watembelee miradi ya Benki ya Dunia, kama TACTIC, mradi wa kuboresha miji, ambao Arusha imo. Viwango vya mazingira na jamii vya benki hiyo, vilivyoanza kutumika Oktoba 2018, vinataka kuwe na taratibu za maandishi za kusimamia wafanyakazi, wakiwemo wa wakandarasi wadogo, na njia yao ya kupeleka malalamiko. Mkandarasi wa Kitanzania, na mafundi walewale wa Ngaramtoni na Unga Limited, wanaweza kushika madaftari mkopeshaji akidai. Inaniuma kwamba mlipa kodi wetu hadai kwa ukali uleule, ilhali fedha ni zake.

Hali ni ngumu zaidi kwenye miradi ya fosi akaunti, ile isiyo na mkandarasi, ambapo kamati hununua vifaa na kumlipa fundi yenyewe, na hapa ndipo wengi hawapaangalii kwa sababu miradi yenyewe ni midogo na inapendwa. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kutoka mkopo wa IMF, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Kata nyingi zilipata, watoto walipata pa kukaa Januari 2022, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini angalia hesabu ya milioni 20 ile. Saruji ina bei ya duka. Nondo zina bei ya duka, bati hivyohivyo, mbao hivyohivyo. Muuza duka hashuki kwa sababu wewe ni kamati ya shule. Kitu pekee kinachobonyea ni hela ya ufundi, na ndani yake hela ya saidia fundi, kwa sababu huyo ndiye asiyejua kusema hapana kijiweni saa kumi na mbili asubuhi.

Na mwajiri ni nani pale? Kamati ya ujenzi ni walimu na wazazi. Mwalimu mkuu anasaini malipo, lakini hajawahi kufundishwa kwamba fundi akileta vijana kumi, kuna WCF, kuna umri wa miaka 18 kwa kazi za hatari, kuna ujira wa kima cha chini. Fundi analipwa kwa awamu, msingi, lenta, kupaua, na akishachukua awamu ya lenta akatokomea, vijana wanabaki wamekaa kwenye veranda ya darasa jipya. Nimewaona Moshi, watu wazima, wakimsubiri mwalimu mkuu ambaye naye alikuwa hana la kuwapa, maana kwenye makaratasi yake kila kitu kilishalipwa. Kwa miradi hii halmashauri ndiyo inayopaswa kusimama kama mwajiri, iwasajili vibarua wote wa kata zake WCF kwa pamoja, na iwalipe moja kwa moja kwenye simu zao. Asilimia 0.5 ya ujira wa darasa moja haizidi bei ya mifuko michache ya saruji.

Orodha zitaghushiwa? Baadhi, ndiyo. Marekani wana sheria inayoitwa Davis-Bacon tangu 1931, inayogusa kazi za ujenzi za serikali kuu zenye thamani ya zaidi ya dola 2,000. Mkandarasi hupeleka orodha ya mishahara kila wiki, iliyosainiwa kwamba ni ya kweli, na anawajibika pia kwa wale walio chini yake. Huko nako wapo walioghushi, na kwa sababu wameweka saini, kughushi kwao ni kosa la jinai na si ugomvi wa saiti. Tofauti hiyo ni kubwa. Leo meneja akimdhulumu kibarua hajasema uongo popote, kwa sababu hakuna karatasi aliyotakiwa kusaini. Isitoshe sisi tuna kitu ambacho Wamarekani wa 1931 hawakuwa nacho: malipo yakipita kwenye M-Pesa au Airtel Money, simu ya kibarua inabaki na ushahidi. Makato ya kutoa yabebwe na mwajiri, yaandikwe kwenye BOQ kama gambuti zinavyoandikwa.

Jiji letu linajengwa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Uwanja wa Olmoti wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 uliotangulia, barabara, masoko, stendi. Tarehe za kukabidhi zinabana, na tarehe inapobana saa huongezeka, na mirunda hufungwa haraka.

Namba 27 alitoka hospitali baada ya siku tisa. Fundi alimlipa siku zake 31 na kumwongezea 150,000, mkandarasi hakutoa kitu, na kijana alipanda gari kurudi kwao Same na mkono ukiwa kwenye bandeji gumu. Hakuna aliyemwandikia WCF. Mimi nilikuwa na kaunta buku lenye jina lake, na sikufanya chochote nalo. Lilikuwa mezani kwangu, kando ya dirisha, wiki nzima. Alhamisi iliyofuata walikuja mhandisi mshauri na mkadiriaji majenzi. Ofisi ilikuwa ndogo na meza ilikuwa moja. Walisogeza kaunta buku pembeni wapate nafasi ya kutandaza michoro, wakapitia vyeti vya maabara kimoja baada ya kingine, wakauliza kwa nini kiboksi kimoja cha siku ya 7 kilikuwa chini kidogo ya kiwango, wakaridhika na maelezo, wakasaini hati ya malipo namba tano.